Mabarua ya matangazo Marekani: angalia kona ya bahasha kabla hujatupa

Haipiti wiki bila mtu kunitumia picha ya barua Whatsapp. "Dada shikamoo, samahani kwa usumbufu, hii ni deni?" "Dada hawa wameandika final notice, nimewakosea nini?" "Dada nimepewa mkopo na sijaomba, nichukue?" Naangalia picha, naivuta kidogo pale juu kulia kwenye bahasha, namjibu tupa. Au namjibu usitupe hiyo, hiyo ya ukweli, washughulikie leo leo. Sasa kujibu mmoja mmoja nimechoka ndo maana naandika yote hapa, mtu akiniuliza tena namrushia linki nalala.

Nipo Columbus, Ohio, kwa hiyo ninachosema ni cha Marekani, walioko London au Muscat watanisamehe.

Wengi wetu tumekua na S.L.P., tena mara nyingi hata si yako, ni ya shule au ya ofisi ya baba au ya parokia, barua ikifika inakaa kule mpaka mwenye ufunguo apate safari ya mjini. Hakuna mtu wa posta anakuja mlangoni kukuwekea tangazo la pizza. Usumbufu wa kwetu uko kwenye simu, zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", na zile za umeshinda promosheni ambayo hata hujacheza, na hizo hata bibi kijijini keshazijua anafuta anaendelea na mambo yake. Lakini karatasi! Karatasi ina jina lako lote limechapwa, ina mchoro wa ndege tai kama nembo ya serikali ya huku, ina namba ya kumbukumbu na ile mistari ya kupitisha kwenye mashine, hiyo kwetu ina uzito, kwa sababu Bongo bahasha ya namna hiyo ikija na jina lako ujue ni serikali, mahakama, au kazi imepatikana. Ukifika huku unaletewa za hivyo kila siku isipokuwa Jumapili, na heshima yako kwa karatasi umekuja nayo kwenye begi. Nimeshaingia kwa jamaa mmoja hapa nikakuta mifuko ya plastiki imejaa barua hazijafunguliwa zimepangwa nyuma ya kochi, anaogopa kuzifungua na anaogopa kuzitupa. Tulikaa chini tukachambua moja moja, karibu zote uchafu, madirisha, bima, krediti kadi, ila katikati ikatoka wito wa mahakama wa jury, ule wa kuitwa raia wakasaidie kuamua kesi, na tarehe ilishapita zamani.

Kwa hiyo kabla sijafika kwenye namna ya kuzizuia naomba tuelewane hapa, ukiamua kutupa kila kitu kwa hasira utajiumiza. Ukiwa unasubiri karatasi za uhamiaji ndo kabisa. Green card inakuja kwa posta, ikishindwa kukufikia inarudi USCIS, yaani idara ya uhamiaji, na isipofuatiliwa wanaweza kuiharibu baada ya siku 60 za kazi. Watu wanahama apatimenti wanajaza fomu ya posta ya kubadilisha anwani wanadhani wamemaliza, hapana, USCIS haijui habari za posta, kule unatakiwa uwaambie mwenyewe ndani ya siku 10, fomu inaitwa AR-11 na inajazwa onlaini bure. IRS, watu wa kodi, nao wakiwa na shida na wewe kwa kawaida wanaanza na barua, yule anayekupigia simu anafoka kwamba polisi wako njiani ni mwizi. Na wito wa jury usitupe hata kama si raia, mahakama nyingi zinachukua majina kwenye orodha za wapiga kura na za leseni za udereva kwa hiyo unaweza kuitwa bila kustahili, unachofanya ni kujibu kwamba wewe si raia, unawarudishia, basi.

Sasa utajuaje ipi ni ipi. Angalia kona ya juu kulia, pale stempu inapokaa. Ukikuta kijiboksi kimeandikwa PRSRT STD au PRSRT MKTG, au Nonprofit Org, hiyo imetumwa kwa bei ya jumla ya matangazo, haijalishi mbele wameandika nini kwa wino mwekundu, haijalishi tai ana mabawa mapana kiasi gani. Mtu mwenye shida ya haraka na wewe hakutumii barua kwa bei ya mnada. Ukikuta juu ya anwani pameandikwa ECRWSS, au pahali pa jina pana Postal Customer au Local Resident, hao hata hawakujui, wamelipia mtaa mzima uwekewe. Ukikuta First-Class hapo ndo fungua usome, kwa sababu bili na serikali wanatumia hiyo, ila na mabenki yenye hela zao nayo yanatumia hiyo hiyo kutuma ofa, kwa hiyo First-Class maana yake "soma", haina maana ya "amini".

Halafu kuna kitu posta wanacho cha bure na watu wetu wengi hawakitumii, Informed Delivery. Unajiandikisha kwenye websaiti ya USPS, yaani posta ya Marekani, kila asubuhi unapata imeili yenye picha za mbele ya bahasha zitakazokuja siku hiyo. Ilianza nchi nzima 2017. Haizuii chochote, lakini ukiwa kazini unajua kabisa leo kuna barua ya maana au ni takataka tupu, na kama mtu anapitia boksi lako kabla yako utagundua. Ukiwa unasubiri kadi yoyote ile jiandikishe leo.

Kuhusu posta yenyewe kukuzuilia matangazo, sahau. USPS kwa kawaida haiendeshwi kwa kodi, inakula kile inachouza, na hayo matangazo kwa idadi ni zaidi ya barua za kawaida, yanapita bilioni 50 kwa mwaka. Wamekipa hata jina zuri, zamani iliitwa Standard Mail, tangu 2017 inaitwa Marketing Mail. Ukienda dirishani kumwambia yule mama asikuletee atakuangalia tu kwa huruma, kalipwa apeleke, anapeleka. Rafiki yangu aliyeko Uholanzi ananicheka, kwao unabandika stika mlangoni ya kukataa na wanaiheshimu, na Amsterdam tangu 2018 wamegeuza kabisa, asiye na stika ya kukubali haruhusiwi kuwekewa matangazo yasiyo na jina. Huku bandika stika mpaka boksi lisionekane, watakupitishia katikati ya stika.

Kinachobaki ni kwenda kwenye chanzo, na hapa ndo watu wanakata tamaa kwa sababu vyanzo viko vingi na kila kimoja kina mlango wake. Wakishafunga mmoja wakaona barua bado zinakuja wanasema haifanyi kazi. Inafanya kazi, ila umefunga mlango wa benki wakati zinazokuja sasa ni za nyumba.

Nianze na mabenki, hao ndo walionisumbua kuliko wote. Ukifika Marekani hujulikani, miezi ya mwanzo boksi linakuwa safi kabisa isipokuwa matangazo ya supamaketi. Halafu unapata krediti kadi ya kwanza, ile ya kuweka dola 200 zako mwenyewe kama dhamana, unaanza kuwa na krediti skoo, zile alama za kuonyesha unavyolipa madeni, na ghafla unakuwa mtu maarufu. Ni kwamba zile kampuni zinazotunza historia ya mikopo, Equifax, Experian, TransUnion na Innovis, zinaruhusiwa kisheria kuuzia mabenki orodha ya watu wenye sifa fulani ili wapelekewe ofa. Sheria hiyo hiyo ndo inakupa haki ya kujitoa, na kila ofa ya namna hiyo lazima iwe na maandishi ya kukueleza hivyo, yapo kwenye hiyo barua ukiitafuta, yamewekewa kichwa PRESCREEN & OPT-OUT NOTICE.

Mama yangu alipokuja kututembelea ndo nilijua hizi barua zina nguvu gani. Yeye asubuhi anafanya mazoezi ya kutembea mpaka kwenye yale maboksi ya barua ya mtaa, anarudi na mzigo. Siku moja narudi toka kazini usiku, watoto wamelala, ananiita chumbani kwake kwa sauti ya chini kabisa, anafungua mkoba wake, ndani ya mkoba kuna leso imefungwa fundo, ile anayofungia hela, anafungua fundo taratibu, anatoa kadi. "Mwanangu, benki wamekuletea kadi yako, nimekuhifadhia wasije watoto wakaichezea." Naiangalia, ni kadi ya plastiki nyepesi ile ya kubandikwa kwenye barua na gundi, ina jina langu kweli, ina namba za mfano, na kwa chini kwa herufi za mchwa imeandikwa kwamba si kadi halisi. Nikamwambia Mama hii ni tangazo tu, wanataka niombe. Akaigeuza, akaikunja kidogo, akaisogeza kwenye taa. "Yaani mtu na akili zake achonge kadi ya uongo, aandike na jina la mtu, alipe na posta, ili iweje?" Nilimjibu wakituma elfu wakapata wachache wanaoomba, kwao inalipa. Hakuridhika, na kadi hakunirudishia, alisema atakwenda nayo nyumbani akawaonyeshe wenzake kikundini.

Kujitoa kwenye hizo orodha za mabenki unaingia optoutprescreen.com au unapiga 1-888-567-8688, ni namba ya bure. Ukifanya onlaini au kwa simu unatolewa kwa miaka 5, ukitaka moja kwa moja kuna fomu unaiprinti unasaini unatuma kwa posta. Watakuuliza jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa na Social Security namba, ile namba yako ya siri ya serikali, na hapa najua wengi mnashtuka, na mna haki ya kushtuka, mimi mwenyewe nilikaa na hiyo websaiti imefunguka nanywa chai naitazama. Hao tayari wana hiyo namba yako, ndo wanaokutengenezea skoo, wanaitaka wakutofautishe na mwenye jina kama lako. Cha muhimu andika anwani ya websaiti mwenyewe herufi kwa herufi, usitafute gugo ukabonyeza cha kwanza kinachotokea juu. Haigusi krediti skoo yako hata kidogo. Usitegemee zikome kesho, zile zilizokwisha kuchapishwa zitaendelea kuja kwa wiki kadhaa. Na benki ambayo tayari una akaunti nayo haizuiliwi na hii, hao wapigie wenyewe uwaambie hutaki ofa za barua.

Hapa hapa kwenye mabenki kuna kitu kimoja sitaki mtu wangu akichukulie poa. Hundi. Inakuja hundi kamili, ina jina lako na kiasi, mfano dola elfu mbili na kitu, nyuma kuna sehemu ya kusaini. Hiyo ni hundi ya kweli, benki ukiipeleka inapita. Na siku unayosaini nyuma na kuiweka kwenye akaunti umeshakubali mkataba wa mkopo, na riba yake soma mwenyewe kwa nyuma kwa miwani. Kuna kijana wetu mmoja aliichukua akatuma nyumbani yote kwa ajili ya msiba, akiamini ni kodi imerudishwa. Alilipa muda mrefu sana. Hizo hundi zichane vipande kabisa kabla ya kutupa, na zile za kampuni ya krediti kadi yako zinazokuja tatu tatu vile vile, kwa sababu mtu akiziokota jalalani anaweza kuzitumia kwa jina lako. Mashine ya kuchania karatasi inauzwa bei ya kawaida tu, na watoto wanapenda kazi hiyo kuliko kuosha vyombo.

Sasa nunua nyumba uone. Ununuzi wa nyumba ni kumbukumbu ya wazi kaunti, jina lako, tarehe, mara nyingi na jina la aliyekukopesha na kiasi, mtu yeyote anaangalia. Sisi hata fenicha hatujamaliza kupanga, barua zinaingia zimeandikwa jina la benki yetu ya mkopo kwa juu kwa herufi kubwa, ukisoma haraka unadhani ni benki yenyewe inakuandikia kwamba hujakamilisha kitu fulani, kumbe ni wauza bima ya maisha. Nyingine zimetengenezwa kwa mwandiko kama mtu kaandika kwa kalamu kwenye karatasi ya njano, "nataka kununua nyumba yako kwa keshi". Ila kilichonikera ni ile ya hati. Kampuni fulani inakuandikia kwamba unahitaji nakala rasmi ya hati ya nyumba yako, wameweka jedwali safi lenye namba ya kiwanja, ukubwa, mwaka wa kujengwa, tarehe ya mwisho kulipa, dola tisini na kitu. Baba watoto alishachukua kitabu cha hundi. Nakala hiyo kaunti wanakupa kwa dola chache tu, kaunti nyingi unaiangalia onlaini bure, na ya kwako mwenyewe ulishapewa au utatumiwa baada ya kusajiliwa. Ukizisoma hizi barua mpaka mwisho utakuta wameandika kwamba si bili na kwamba wao si serikali, sheria inawalazimisha kuandika, na wao wanaandika kweli, wanaiweka mahali ambapo jicho limeshachoka. Kwa hiyo mimi barua yoyote ya kutaka hela naisoma kuanzia chini kwenda juu, na mkitaka kunicheka nicheke.

Hizi za nyumba hazina mlango mmoja wa kufunga. Ukizikosea heshima tu inatosha, zinapungua zenyewe baada ya muda kwa sababu zinafuata wanunuzi wapya.

Za misaada ni habari nyingine na naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani na huko ndo nimeona hii kitu inavyokula watu. Kuna bibi mmoja, mwema kupita kiasi, meza yake ya jikoni huwezi kuweka sahani. Barua za mbwa waliotelekezwa, za wanajeshi waliojeruhiwa, za watoto wenye saratani, za misheni za Afrika zenye picha za watoto ambao akiniona mimi ananiuliza kama nawafahamu. Kila mmoja anamwandikia hundi ya dola 5. Sasa mashirika haya mengi yanapangishana na kubadilishana orodha za wachangiaji, kwa hiyo anayetoa dola 5 kwa mbwa kesho anaandikiwa na paka, farasi na tembo, na wengine kati ya hao wanaoandika ukichunguza hamna shirika la maana. Zinakuja na zawadi ndani ili aone haya asipotoa, stika za anwani zenye jina lake, kalenda, vijidaftari, wengine wanabandika sarafu kabisa unaiona kwenye kidirisha cha bahasha. Yeye anasema haiwezekani nipokee sarafu yao nisiwajibu. Kumbe kisheria kitu ulicholetewa kwa posta bila kuagiza ni zawadi, ni chako, hudaiwi senti, hulazimiki kukirudisha wala kukilipia. Nilimwambia, akasema sheria ni sheria na adabu ni adabu, na hapo nikamwona kama bibi yangu kabisa wa Korogwe.

Binti yake ndo aliyesaidia mwisho. Kuna huduma inaitwa DMAchoice ya chama cha watangazaji wenyewe, ANA, unalipa dola chache na jina lako linawekwa kwenye orodha ya wasiotaka matangazo kwa miaka 10. Wanachama wake ndo wanaofuata, matapeli hawafuati, lakini mzigo unapungua unauona kwa macho. Wana orodha nyingine ya watu wanaotunza mtu, kwamba wewe unamwandikisha mzazi wako, na nyingine ya marehemu, na hiyo ya marehemu jamani aliyefiwa na mwenza huku anajua uchungu wa kufungua boksi ukakuta mume wako anapewa ofa ya kifaa cha kusikia. Kwa mashirika ambayo bibi anayapenda kweli, binti alirudisha ile karatasi ya mchango na ameandika pembeni kwa kalamu kwamba wasimpe mtu mwingine jina lake na wamwandikie mara moja tu kwa mwaka. Mengi yalitii.

Katalogi za nguo na mapazia kuna websaiti inaitwa Catalog Choice, ya bure, unatafuta jina la katalogi unawatumia ombi la kuacha. Sina mengi ya kusema hapo, inafanya kazi.

Barua za wapangaji waliopita. Hizi zinawatesa wa apatimenti, unakuta boksi moja lina majina ya watu sita na wewe ni wa saba. Usifungue, kufungua barua ya mtu kwa makusudi ni kosa la jinai la serikali kuu, na mtu ambaye karatasi zake za uhamiaji ziko njiani hana sababu ya kujitafutia kesi ya barua ya mtu mwingine. Andika mbele "Not at this address", irudishe kwenye boksi la kutumia barua au mpe mtu wa posta mkononi. Ikiwa ina "or current resident" baada ya jina, yaani au anayekaa hapo sasa, basi hiyo ni yako, itupe tu kwa amani. Na tafadhali usijifanye mwema ukamjazia mpangaji wa zamani fomu ya kuhama, hiyo ni ya mwenyewe ajaze.

Na nyie mnaohama, hii ndo siri ambayo wengi hawaijui. Ukijaza fomu ya posta ya kuhama moja kwa moja, anwani yako mpya inaingia kwenye orodha ambayo posta inawapa kampuni zenye leseni, na watangazaji wenye jina lako la zamani wanarekebishiwa anwani. Ndo maana unahama unafurahi wiki mbili halafu zote zimekufuata. Kuhama kwa muda hakuingizwi kwenye orodha hiyo. Kwa hiyo kuna watu wanajaza ya muda, barua za zamani zinasukumwa kule mpya kwa miezi, na wao wanakaa wanawajulisha benki, bima, DMV (ofisi ya leseni za udereva) na daktari mmoja mmoja. Ni kazi, sikatai.

Ukitaka kujua nani kauza jina lako kuna mchezo mdogo. Mimi nikijiandikisha mahali, kadi ya pointi ya duka au jarida, naweka herufi tofauti ya jina la kati. Duka la viatu niliwapa K. Baadaye ikaja barua ya bima ya gari ina K, ikaja ya madirisha ina K. Sijawahi kwenda kugombana nao ila roho inatulia ukijua. Majina yetu haya tayari wanayachanachana wenyewe, langu lishakuja limekatwa vipande vitatu na cha katikati ndo kimefanywa ukoo, kwa hiyo K moja zaidi haimshtui mtu.

Za supamaketi zile za rangi mimi nazisoma. Ndo ukweli. Paja la kuku likishuka bei najua kabla ya majirani. Hata hivyo karatasi zake za kung'aa msiwashie jiko la mkaa, zinatoa moshi wa ajabu na nyama inanukia wino.

Za siasa hazina dawa. Ukishakuwa raia ukajiandikisha kupiga kura jina lako liko kwenye daftari na wagombea wanalichukua, na sisi Ohio mwaka 2024 kulikuwa na kiti cha seneti kinagombaniwa na mabilionea wametupa hela, boksi lilikuwa halifungi. Zilikoma Jumatano baada ya uchaguzi.

Nimebakiza moja ambayo ndo naipenda, fomu ya posta namba 1500. Mwaka 1967 bunge la Marekani lilitunga sheria kwa ajili ya matangazo ya picha za utupu yaliyokuwa yanatumwa majumbani, kwamba mwenye nyumba akiona tangazo linaamsha tamaa za mwili anaweza kuomba posta imwamuru mtumaji afute jina lake na asimpe mtu mwingine. Wafanyabiashara wa orodha na wachapishaji wakaenda mahakamani kulalamika, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, Rowan dhidi ya Idara ya Posta, 1970, wakashindwa. Mahakama ikasema haki ya mtumaji inakoma kwenye mpaka wa nyumba ya mtu, na pia anayeamua tangazo gani linamwamsha ni mpokeaji peke yake, hakuna wa kumhoji. Posta wenyewe kwenye kanuni zao wamekubali hawawezi kuikataa fomu yako ati kwa sababu tangazo halionekani kuwa la mambo hayo. Unaambatisha tangazo na bahasha yake, unasaini, amri inaanza kazi siku 30 baada ya mtumaji kuipokea.

Sasa kuna kampuni ya madirisha hapa, siitaji, ambayo nimeipigia, nimeiandikia, nimejitoa kwenye websaiti yao, na bado. Tangazo lao lina mzee na mkewe wamevaa masweta wamesimama wanaangalia nje kwenye dirisha jipya wanatabasamu. Nimejaza fomu. Nimetangaza kwa saini yangu kwamba wale wazee na lile dirisha vinaniamsha. Baba watoto kaisoma yote, kaiweka mezani, kaniuliza kama ni dirisha au ni sweta. Naipeleka posta Jumamosi, na kwa sababu yule mama wa dirishani ananifahamu nitaomba nihudumiwe na yule kijana wa pembeni.